Plamsi, pichesi au embe: lipi la kutia kwenye biskuti za nyumbani?

Kuanzia Desemba, ukipita Mombo kwa basi, gari halijasimama sawasawa ndoo tayari ziko dirishani. Plamsi zimefutwa vumbi mpaka zinang'aa, pichesi zimepangwa zenye wekundu juu, na nyuma yupo mtu na mfuko wa pea. Vyote vimeshuka asubuhi kutoka Soni na Lushoto, kule juu Usambara ambako baridi inatosha kuifanya miti hii izae. Nilikuwa natoka Moshi narudi Tanga, nikauliza bei ya pichesi.

"Dada, chukua na plamsi. Hizo pichesi zitakusumbua."

Nilidhani anataka tu kuuza ndoo mbili badala ya moja. Nikachukua kisado cha kila aina, na nyumbani nilikuta maembe dodo ya jirani yamejaa beseni. Hapo ndipo wazo la biskuti lilipoanza. Nilitengeneza donge moja, nikaligawa mara tatu, nikajaribu tunda moja baada ya jingine kwa siku nne. Yule kaka wa Mombo alikuwa anasema kweli, ingawa nadhani yeye alikuwa anazungumzia safari.

Majina kwanza, tusipotezane. Ninaposema pichesi ndizo wengine wanaziita pichi, na kamusi zinaziita fyulisi. Plamsi ni plamu. Embe halihitaji kutambulishwa, ila wengi hushangaa kuliona kwenye orodha hii. Nalo ni tunda la kokwa kama wenzake: nyama nje, kokwa gumu moja katikati. Ukoo tu ndio tofauti. Plamsi, pichesi na aprikoti ni ndugu, embe ni ndugu wa korosho.

Maji ndiyo ugomvi wenyewe

Biskuti ni kitu kikavu. Siagi, sukari na unga vinaingia kwenye moto, unyevu unatoka, kinachobaki kinavunjika mdomoni. Sasa wewe unaleta tunda bichi ndani ya kitu hicho. Pichesi ni maji karibu asilimia 89, plamsi kama 87, aprikoti 86, embe 83 au 84. Ukizisoma hivyo tofauti inaonekana ndogo. Zisome upande wa pili: katika gramu 100 za pichesi, kisicho maji ni gramu 11 hivi, katika embe ni 16 au 17. Yaani kipande cha embe kina nyama halisi mara moja na nusu ya kile cha pichesi chenye uzito uleule. Mkono hauoni hilo wakati wa kukata. Bati linaliona.

Nililihakikisha kwa njia ya kienyeji. Nilikata pichesi vipande vidogo, nikanyunyiza vijiko viwili vya sukari, nikaziacha kwenye chujio juu ya bakuli kwa nusu saa. Chini ilikusanyika karibu robo kikombe ya maji matamu. Plamsi kwa kipimo hichohicho zilitoa chini ya nusu ya hapo, maana kila kipande kilibaki na ganda lake upande mmoja. Embe lilitoa vijiko viwili vya chai tu.

Donge langu lilikuwa hili: siagi gramu 125, sukari gramu 90, kiini cha yai moja, unga wa ngano gramu 220 na chumvi ya kubana kwa vidole. Siagi na sukari unazisaga kwa mwiko mpaka zipauke, unatia kiini, halafu unga. Usikande kama unatengeneza chapati. Ukishaona limeshikana, liache. Linatoa biskuti 24 za ukubwa wa ndimu ndogo kabla hujazibonyeza. Januari ya Pwani siagi inakuwa karibu mafuta, kwa hiyo donge likae kwenye friji nusu saa kabla ya kugusa tunda lolote. Hatua hiyo usiiruke. Donge lenye joto husambaa lenyewe hata kabla tunda halijaanza vurugu zake.

Plamsi

Plamsi mbichi ukiila unakunja uso kidogo, hasa ukifika kwenye ganda. Uchachu huo ndio unaoifanya ifae. Donge lina siagi na sukari nyingi, na tunda tamu tupu humezwa humo, unabaki na biskuti yenye kitu laini kisicho na jina. Plamsi inajitokeza. Unauma siagi, kisha ule uchachu unakuja nyuma yake.

Usizimenye. Rangi yote iko kwenye ganda, na sehemu kubwa ya uchachu pia. Kata plamsi nzima kuzunguka kokwa, kila nusu itoe vipande vinne vyembamba, kisha bandika kipande juu ya biskuti ganda likiwa chini. Mara ya kwanza niliweka ganda juu kwa sababu linapendeza. Maji yakatokea chini yakalowesha donge, katikati pakabaki pabichi wakati kingo zimeshaiva. Ukiligeuza, ganda linakuwa kama mtumbwi: maji yanakaa ndani yake, yanachemka, yanapungua, na juu panabaki utomvu mwekundu unaonata. Nyunyiza sukari kidogo na mdalasini. Dakika 18 kwenye nyuzi 180 zilinitosha.

Ila kuna mtego. Nilitengeneza bati moja kwa kutia nusu kijiko cha magadi soda, nikidhani biskuti zitakuwa nyepesi. Zilipotoka, pale plamsi ilipogusana na donge palikuwa na mduara wa bluu iliyochanganyika na kijivu, kama ngozi iliyovilia damu. Hazikuwa zimeharibika, zilikuwa na sura mbaya tu. Rangi ya plamsi ni ya ukoo uleule na ya choya: kwenye uchachu inakuwa nyekundu, kwenye magadi inageuka bluu. Biskuti za namna hii hazihitaji kuumuka, basi acha magadi kabatini. Ukitaka wepesi, robo kijiko cha bekingi pauda inatosha na haileti aibu hiyo.

Njia ya pili ya plamsi ni kuipika kwanza, na hapa haina mpinzani. Plamsi ina pektini nyingi, ile inayofanya jamu igande, na uchachu wa kuisaidia. Gramu 300 bila kokwa, sukari gramu 120, bila tone la maji, moto mdogo. Kwa dakika ishirini hivi ilikuwa imeshakuwa nzito. Unajua imefika unapoangusha tone kwenye sahani baridi, ukapitisha kidole katikati, na njia ya kidole ikabaki wazi. Unabonyeza kila donge kwa kidole gumba, unatia jamu nusu kijiko cha chai kwenye kishimo, unachoma. Usijaze. Jamu inapochemka hupanda, ikishuka pembeni inaungua na kushika bati kama gundi.

Pichesi

Naipenda pichesi kuliko zote hizi, na inaniuma kuandika ninayoyaandika.

Bati langu la kwanza lilikuwa la pichesi mbichi zilizokatwa vipande na kuchanganywa ndani ya donge. Niliweka biskuti kumi na mbili zenye nafasi nzuri. Nilitoa biskuti moja. Zilikuwa zimetambaa zikakutana, katikati zimebonyea, na chini kila kipande cha tunda kilikuwa kimeacha dimbwi. Nilizikata kwa kisu mraba mraba kama visheti, na watoto walikula, lakini hata wao waliuliza kama ni keki.

Tatizo si maji peke yake. Pichesi iliyoiva ina uchachu mdogo, na harufu yake, ambayo ndiyo utamu wake wote, ni nyepesi mno. Moto wa dakika kumi na tano unaondoka na harufu na kukuachia sukari. Ganda nalo lina manyoya, likiiva linajitenga na nyama na kujikunja kama karatasi. Kwa hiyo lazima umenye. Njia rahisi ni kuzitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha kwenye maji baridi; ganda linavuka kwa kidole. Ukishazikata zinaanza kuwa kahawia mara moja, kamulia ndimu.

Halafu kagua kila moja ndani. Pichesi za barabarani mara nyingi zimetembelewa na inzi wa matunda, na nje huoni kitu zaidi ya kitundu cha sindano. Katika kisado changu tatu zilikuwa na funza karibu na kokwa. Plamsi, hata moja haikuwa naye. Pengine ilikuwa bahati ya ndoo ile.

Je, haifai kabisa? Inafaa kwa kazi na subira. Ikate vipande vidogo, iache na sukari kwenye chujio nusu saa, kisha ipike kwenye sufuria pana mpaka ukiburuta mwiko uone chini. Haina pektini ya kutosha, kwa hiyo ndimu nzima haikwepeki, na hata hivyo itakuwa laini kuliko ya plamsi. Tangawizi mbichi iliyokunwa inaisaidia sana, inarudisha kile ambacho moto ulikichukua. Kungumanga pia, lakini punje chache. Ile robo kikombe ya maji yaliyochujika usiimwage. Tia barafu na ndimu, unywe wakati unasubiri.

Nektarini, kwa mnaoziona madukani, ni pichesi isiyo na manyoya, si chotara wa plamsi kama wengi wanavyodhani. Inakuondolea kazi ya kumenya. Mengine yote ni yaleyale. Pichesi za kopo zinafaa pia zikikaushwa kwa kitambaa safi, maana zimelala kwenye sukari na maji miezi. Kwa ladha ya biskuti tofauti ni ndogo kuliko nilivyotaka iwe.

Embe

Sikulitegemea. Embe kwenye biskuti lilinijia kama jambo la kujaribu ili lisemwe limejaribiwa.

Yote inategemea embe lipi na limeiva kiasi gani. Maembe mengine yana nyuzi, na nyuzi kwenye biskuti ni kama kutafuna uzi. Dodo, bolibo, au ngowe kwa walio upande wa Mombasa na Malindi, yana nyama ya kukatika. Chagua lililokomaa na kugeuka rangi ndani lakini bado linasimama kwenye kisu. Likishafika hatua ya kufyonzwa, lifyonze tu.

Kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Weka kijiko kimoja cha samli kwenye kikaango, tia vipande na iliki ya kusaga, geuza kwa dakika tano au sita mpaka vikauke juu na vianze kung'aa. Vipoe kabisa. Hivi unaweza kuvichanganya ndani ya donge, jambo ambalo plamsi na pichesi zote mbili zilinikatalia. Kikombe kimoja cha vipande kwa donge lote kinatosha. Biskuti haitambai, kipande kinabaki kipande, na siagi pamoja na iliki vinaleta kitu kinachokaribia nankatai. Mama mmoja wa hapa mtaani alionja akasema, "Mwanangu, hizi ungetia unga wa mchele kidogo zingekuwa vileja." Nilijaribu siku iliyofuata, nikatoa gramu 60 za ngano nikaweka za mchele. Alikuwa sahihi. Zilivunjika vizuri zaidi.

Udhaifu wa embe ni mmoja: halina uchachu. Baada ya biskuti ya tatu ulimi unachoka. Maganda ya ndimu yaliyokunwa yanarekebisha hilo, au tia embe lenye asili ya uchachu nusu kwa nusu. Na kama nia yako ni jamu ya kishimoni, embe litakupa uji mzuri wa njano usioganda vizuri bila ndimu nyingi.

Walio mbali na Usambara

Kwa msomaji aliye Muscat, London au Toronto, msimu ni Juni mpaka Agosti, na sokoni kwako kuna kitu ambacho mimi sikuwa nacho: aprikoti. Omani zinazaa Jabal Akhdar, pamoja na pichesi na plamsi. Ukizipata, anza nazo. Zina uchachu kama plamsi, na tofauti na pichesi, ladha yake huzidi kukolea motoni badala ya kupungua. Nusu aprikoti yenye tundu juu, sukari kidogo kwenye lile tundu, juu ya biskuti. Hakuna zaidi. Cheri ni tamu na zina maji machache kuliko pichesi, lakini kutoa kokwa moja moja kwa biskuti 24 ni kazi ya mtu mwenye mchana mzima.

Jambo moja kwa wote: msivunje kokwa za plamsi, pichesi au aprikoti kutia kiini chake kwenye donge kwa ajili ya harufu. Harufu ile kama ya lozi inatoka pamoja na sumu, na watoto wadogo ndio wanaoumia mapema. Kokwa ziende kwenye taka au shambani.

Oveni au mkaa

Oveni inasamehe. Mkaa unachagua. Kwenye sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, bati juu ya mchanga, mfuniko na makaa juu yake, joto linapanda na kushuka usivyotaka, na mvuke hauna pa kutokea. Tunda lenye maji mengi linageuza sufuria kuwa chombo cha kupikia kwa mvuke. Nilichoma biskuti za embe kwa njia hii na sikuona tofauti kubwa na za oveni, isipokuwa zilichukua dakika 25. Za plamsi ya kubandika zilitoka nyeupe juu na laini. Za jamu ya plamsi zilitoka vizuri. Pichesi sikujaribu, nilikuwa nimeshachoka nayo.

Makaa yawe mengi juu kuliko chini, yale ya chini yawe yameshashika majivu. Funua baada ya dakika 15 uache mvuke utoke, halafu ufunike tena. Ukiona juu panapauka na chini pananukia, punguza chini haraka.

Kwa hiyo uchukue lipi?

Kama ni za kuuza au kupeleka shughuli, jamu ya plamsi. Zinakaa siku nne au tano kwenye bati lenye mfuniko, hata na unyevunyevu wetu wa Pwani, na wekundu wake unavutia jicho kwenye sinia. Kama ni za chai ya jioni hii, na una oveni, plamsi ya kubandika. Hizo ndizo tamu kuliko zote nilizotengeneza, lakini asubuhi zitakuwa zimelainika na sisimizi watakuwa wameshapata habari. Kama jiko ni la mkaa, au kama watoto ndio watakaobonyeza madonge, embe. Halina haraka, halitambai, na mtoto akiliharibu bado linalika.

Plamsi ulizonunua zikiwa ngumu, maana wauzaji huzichuma mapema zihimili safari, zifungie kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu moja. Siku mbili zinatosha. Bonyeza karibu na kikonyo. Zikiitika kidogo, ziko tayari. Zikiitika sana ni za jamu.

Nilimaliza siku ya nne na bati mbili za plamsi, moja ya embe, na pichesi saba zilizobaki kwenye ndoo. Nilishika kisu nikaanza kuzimenya kwa ajili ya jaribio la mwisho, la tangawizi nyingi zaidi. Ya kwanza ilikuwa imeiva vizuri sana, maji yakanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Nikaila pale pale kwenye sinki. Binti yangu akaja akachukua ya pili. Jaribio hilo halikufanyika.